Kivuli cha Kihamba

Anayepanda Mlima Kilimanjaro kutoka Moshi kwenda Kibosho au Marangu huiona nchi ikigeuka kabla safari haijamchosha. Chini ni tambarare ya migunga na nyasi. Kwenye mita 1,000 hivi migomba huanza kusongamana. Juu ya mita 1,800 au zaidi kidogo ni msitu wa mlimani, miti imeota kuvumwani na mashina yanachuruzika maji. Halafu vichaka vya nyika ya baridi, halafu mawe matupu, hadi barafu ya Kibo, kilele chenye mita 5,895.

Mpangaji wa haya yote ni hali ya hewa. Upepo wa Bahari ya Hindi huja na unyevu, hugonga mlima, hulazimika kupanda, hupoa, na mvuke wake hushuka kuwa mvua. Upande wa kusini mvua huzidi kadiri unavyopanda, hadi karibu mita 2,000 ambako hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Zaidi ya hapo hupungua tena. Upande wa kaskazini upepo hufika umekwisha kumwaga maji yake, na huko utakuta mierezi ya nchi kavu.

Katika ukanda wa mvua na joto la wastani, mahali ambapo ardhi ikiachwa yenyewe hurudi kuwa msitu, Wachaga walitengeneza kihamba, shamba lao la nyumbani. Hawakufyeka wakabaki na uwanja wazi ambao masika ingeukokota mtoni. Juu waliacha mfuruanje, mringaringa na msesewe; chini yake migomba; chini ya migomba, mibuni; na ardhini magimbi, maharage na majani ya ng'ombe. Kahawa ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, ikapokelewa kama mgeni aliyezoea nyumba ya namna hiyo, kwa kuwa asili yake ni kivuli cha misitu ya nyanda za juu za Ethiopia. Mtafiti Andreas Hemp alihesabu katika vihamba hivi zaidi ya aina 500 za mimea, na zaidi ya 400 kati yake hakuna aliyezipanda. Naiona hesabu hiyo kuwa sifa kubwa kuliko mavuno: kulisha watu kwa vizazi vingi, na bado kuwaachia nafasi wengi ambao hawakualikwa.

Ufundi wenyewe uko kwenye kivuli. Kikizidi, unyevu hukaa kwenye mibuni, na magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani hupata makao. Kikipungua, jua huunguza majani, mbuni hubeba matunda kupita nguvu zake, na matawi hukauka. Basi mkulima husimama chini ya mringaringa na kutazama juu kwa muda mrefu kabla ya kushika panga. Huuliza jua la Januari litapita wapi, na mawingu ya Aprili yatakaa siku ngapi. Tawi moja huanguka, mawili hubaki. Kwenye shina la migomba mkono ni uleule wa subira: huachwa mama, mtoto na mjukuu, machipukizi mengine hung'olewa, na mjukuu huchaguliwa upande ambao kesho hautaziba mwanga wa mbuni. Uamuzi huo haupimwi kwa futi. Mtoto huujua kwa kufuatana na bibi yake shambani mwaka hadi mwaka.

Tena fundi huyu anajua mpaka wake. Familia ileile yenye kihamba juu huwa na shamba tambarare, na huko hailazimishi migomba. Hupanda mahindi na maharage juani, ikingoja masika. Baada ya mavuno, mabua na nyasi za huko hupandishwa mlimani, zamani kwa vichwa vya akina mama, siku hizi pia kwa pikapu, kulisha ng'ombe wanaofungwa zizini. Samadi yao huwekwa kwenye shina la mgomba.