Nukta Chache Zilizokaa Sawa

Lubumbashi inazijua picha za nukta tangu zamani. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Elisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji. Humo mchoraji Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole, na Mwenze Kibwanga kwa mistari mifupi iliyopangwa bega kwa bega. Alama zao zinaonekana wazi, na picha imekamilika kwa sababu kila moja imekaa mahali pake. Mpime hivyohivyo fundi anayekufungia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi kwenye televisheni na kushusha rezolusheni, yaani idadi ya nukta za picha, ili herufi zikue au mchezo wa zamani uonekane kama ulivyochorwa.

Anza na hesabu. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 inapokea vizuri picha ya 640 kwa 360, kwani kila nukta inakuwa mraba wa tatu kwa tatu. Skrini ndogo ya 800 kwa 480 inapatana na 400 kwa 240. Lakini 480 haigawi 768 sawasawa, kwa hiyo picha ya 640 kwa 480 kwenye skrini ya 1366 kwa 768 itakuwa na mistari minene na myembamba, au ukungu. Sogea karibu utazame herufi “m”: miguu yake mitatu iwe na unene mmoja.

Kisha uliza picha inakuzwa wapi. Hapa ndipo fundi hodari anapoachana na mwanafunzi. Waya wa HDMI haukubali mwendo ulio chini ya nukta milioni 25 kwa sekunde, na picha ya 320 kwa 240 haifiki hapo. Tena televisheni nyingi zikiachiwa kazi ya kukuza hulainisha kingo. Fundi mzuri hupeleka kwenye waya ukubwa wa asili wa skrini, na kuiacha kompyuta yenyewe izidishe nukta.

Tatu, chora duara. Likiwa yai, picha imevutwa. Picha ya 320 kwa 240 ikizidishwa mara nne inakuwa 1280 kwa 960. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080 inabakiza weusi wa nukta 320 kila upande, na 60 juu na chini. Usimlaumu fundi kwa weusi huo, maana ndio unaolinda umbo la nyuso. Chora pia mstari wa nukta moja kuzunguka ukingo wa picha. Upande usioonekana umekatwa na televisheni.

Jaribio la mwisho ni la kukatika kwa umeme, na katika mji huu halikwepeki. Zima kompyuta na televisheni, washa kompyuta peke yake, ngoja dakika moja, ndipo uwashe televisheni. Picha irudi na ukubwa uleule. Ikirudi tofauti au isirudi kabisa, kompyuta ilijichagulia ukubwa mwingine ilipokosa skrini. Mpangilio unapaswa kuandikwa kwenye faili ya config.txt, au cmdline.txt katika mifumo mipya, usitegemee kubonyezwa upya kila asubuhi.

Kabla ya kulipa, omba nakala ya faili hiyo pamoja na maelezo ya kila namba. Fundi aliyezichagua kwa hesabu atakueleza papo hapo. Anayesema tu “inafanya kazi” amebahatisha, na kadi ya kumbukumbu ikiharibika atabahatisha tena.