Kazi ya Kumsemea Mtuhumiwa

Miongoni mwa kazi ambazo watu huzilaani wakiwa katika amani na kuzililia wakiwa katika pingu, siijui inayoipita ile ya wakili mtetezi wa kesi za jinai. Mwashi husifiwa kwa ukuta ulionyooka, na tabibu kwa mgonjwa aliyenyanyuka kitandani. Lakini wakili huyu akishinda huambiwa kuwa amemfungulia mwizi mlango, na akishindwa huambiwa kuwa amekula fedha ya maskini bure. Hata hivyo Waswahili walikuwa na heshima ya neno lenyewe kabla ya mahakama za Wazungu kujengwa pwani, kwa maana wakili kwao alikuwa mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe, katika ndoa, katika biashara, au mbele ya kadhi, akasimama mahali pake na kusema kwa ulimi wake. Waliosema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walijua ya kuwa hata anayestahili kunyongwa huhitaji mtu wa kuidai hiyo haki, kwani yeye mwenyewe, kamba ikiwa shingoni, hana sauti.

Kila nitafutapo mfano wa kazi hii, fikira yangu hunipeleka Kapenguria. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ya Kenya, ikiwa imekwisha kutangaza hali ya hatari, ilimkamata Jomo Kenyatta na wengi wengine. Na walioshtakiwa pamoja naye kwa kuongoza Mau Mau walikuwa Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Hawakushtakiwa Nairobi, penye mawakili na maktaba, bali katika chumba cha skuli kule Kapenguria, mpakani kaskazini, mahali ambapo mgeni hakuingia ila kwa kibali, na ambapo reli haikufika. Mawakili walilala Kitale, wakapanda kila siku kwa gari zaidi ya maili 20 za vumbi, wakarudi jioni na makaratasi yao. Asiyewahi kusafiri na jalada la kesi mapajani, akipanga maswali ya kesho huku akitikiswa na barabara, huenda akadhani kuwa utetezi ni ufasaha wa kizimbani tu. Sehemu kubwa yake ni uchovu.

Na walikuwa watu gani hao? Mkuu wao alikuwa D. N. Pritt, Mwingereza wa miaka 65, wakili wa Malkia, aliyewahi kuwa mbunge wa London na kufukuzwa katika chama chake kwa ukaidi wa fikira. Pamoja naye walikuwa Achhroo Kapila na Jaswant Singh, mawakili wa Kenya wenye asili ya Bara Hindi; Fitz de Souza, Mgoa aliyezaliwa Bombay, kijana wa miaka 23 aliyetoka masomoni London mwaka ule ule; Chaman Lall wa Uhindi; H. O. Davies wa Nigeria. Na Dudley Thompson, Mjamaika aliyezaliwa Panama, aliyeingia jeshi la anga la Uingereza katika vita vikuu vya pili, akasoma sheria Oxford, kisha akafungua ofisi yake Moshi. Sidai kuwa dhiki humfanya mtu kuwa mwema, kwani nimewaona waliodhikika wakawa madhalimu wakubwa kuliko waliowadhikisha. Lakini mtu aliyepata kupimwa kwa rangi yake katika nchi aliyoipigania hahitaji kufundishwa kuwa tuhuma inaweza kutangulia ushahidi. Huyo hulijua jambo hilo katika ngozi yake, na akiwa na elimu ya sheria juu yake, basi malezi na maarifa yamekutana mahali pamoja.

Pritt na wenzake hawakuipata kazi hiyo ikiwa laini. Kwanza palikuwa na lugha. Mkalimani wa Kigikuyu alikuwa Louis Leakey, mtaalamu aliyezaliwa Kabete na kukulia katika lugha hiyo, lakini utetezi ulilalamika kuwa tafsiri yake ilielemea upande mmoja, na hatimaye akajitoa. Wengine huliona hilo kuwa jambo dogo. Mimi siwezi, maana mtu anayehukumiwa kwa maneno yake, na maneno yenyewe yakapita katika kinywa cha mwingine, amekwisha kuwa na wakili asiyemchagua. Kisha Pritt akawapelekea wabunge wa London simu ya maandishi akisema kuwa mazingira ya kesi yalikaribia kuwa ni kunyimwa haki, akashtakiwa kwa kuidharau mahakama. Naye, mtetezi, akawa na haja ya kutetewa. Mahakama Kuu haikumtia hatiani, na akarudi Kapenguria kuendelea na mashahidi.

Fundi wa kazi hii hujulikana katika kudodosa shahidi. Wengi hudhani kuwa ni kufoka, kumbe aghalabu ni kuuliza polepole, siku gani, nyumba ya nani, nani alikaa wapi, kwani uongo huweza kujengwa kwa ustadi ukutani na kuvuja paani. Shahidi mkubwa wa serikali, Rawson Macharia, alisema kuwa mwezi wa Machi 1950 alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo cha Mau Mau. Utetezi ulileta mashahidi kumi wa kumkanusha. Hakimu Ransley Thacker, jaji aliyekwisha kustaafu na kurudishwa kwa kesi hii, alitamka waziwazi katika hukumu kwamba anawakataa wale kumi na kumsadiki yule mmoja. Tarehe 8 Aprili 1953 washtakiwa walipewa miaka 7 ya kazi ngumu. Oneko alishinda rufani, lakini hakuachiliwa. Amri ya kizuizi ilimfunga pale sheria ilipomfungua, hata mwaka 1961.

Je, mawakili walishindwa? Kwa hesabu ya sokoni, naam. Na walishindwa mara nyingi zaidi katika mahakama maalumu za hali ya hatari, ambako mawakili wachache wa Nairobi, wengi wao Wahindi, walisimama na watu wasio na jina wala fedha, na ambako Waafrika zaidi ya 1,000 walihukumiwa na kunyongwa. Hakuna aliyewapigia makofi. Majirani wao wa kizungu waliwaona maadui. Lakini kila swali waliloliuliza liliandikwa, na karatasi ya mahakama haina haraka.

Mwaka 1958 Rawson Macharia alikula kiapo cha pili, kwa hati, akasema kuwa ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa wa uongo, na kwamba aliahidiwa masomo ya Uingereza kwa kuutoa. Ndipo serikali ilipomshtaki. Alifungwa, na kosa lililomfunga lilikuwa ile hati ya kiapo.