Beseni la Nanyuki

Kwenye kibao cha ikweta pale Nanyuki kuna mchezo wa dakika kumi unaostahili mhakiki. Vifaa ni beseni lenye tundu chini, jagi la maji na njiti ya kiberiti. Kijana anakwenda hatua ishirini hivi kaskazini, anamimina maji, njiti inazunguka kufuata mshale wa saa. Anavuka kusini, njiti inazunguka kinyume. Anarudi mstarini: njiti imetulia tuli, maji yanashuka. Makofi, kisha vyeti vinauzwa.

Huu ni muundo wa ngano. Tendo linarudiwa mara tatu, la tatu linavunja mazoea, na msikilizaji anaridhika hata kabla hajauliza kitu. Tena mchezaji anatutangulizia jibu kila mara, hivyo macho yanakwenda kulithibitisha tu.

Safari yangu ya pili niliachana na njiti nikatazama mikono. Kaskazini alimimina akiegemeza jagi ukingo mmoja wa beseni. Kusini, ukingo wa pili. Mstarini alimimina katikati, taratibu. Maji yalikuwa yameshapewa mzunguko kabla kidole hakijatoka tunduni. Ustadi huo naupenda, kusema kweli.

Kinachoniudhi ni kwamba ameupindua mzunguko wenyewe. Tazama picha za setilaiti za Idai, kimbunga kilichoipiga Beira Machi 2019, au Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024. Vyote ni vya kusini, na mawingu yake yanalizunguka jicho kwa kufuata mshale wa saa. Upepo unakimbilia penye mgandamizo mdogo. Dunia inavyozunguka, unapinda kushoto, unalikosa jicho, unabaki kulizunguka. Lakini kupinda huko ni hafifu mno: kwa kawaida kunaonekana tu katika mwendo wa mamia ya kilomita na saa nyingi. Karibu na ikweta kunafifia hadi sifuri, ndiyo maana vimbunga ni nadra sana kuzaliwa hapo. Hatua ishirini si kitu.

Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alicheza mchezo huohuo bila mbwembwe: chombo cha upana wa mita 1.8 hivi, maji yakaachwa yatulie saa 24, kizibo kikachomolewa kwa chini. Kwa zaidi ya dakika kumi kijiti kilichoelea hakikuonyesha dalili yoyote. Kisha kikaanza kugeuka, polepole, kinyume cha mshale wa saa. Watalii wa Nanyuki wangekuwa wameshapanda basi.