Kipokezi, Mpokeaji na Hadhira: Uhakiki wa Nadharia ya Sindano kwa Kurejelea Kisa cha Redio cha Mwaka 1938

Mtafiti anayeingia katika uwanja wa mawasiliano kwa mara ya kwanza hukutana mapema na nadharia ya sindano, ambayo pengine huitwa nadharia ya risasi. Kwa mujibu wa nadharia hii, ujumbe wa chombo cha habari humwingia msikilizaji kama dawa iingiavyo mwilini, ukamgeuza fikra bila yeye kuwa na la kufanya. Mfano unaotolewa mara kwa mara kuithibitisha ni mchezo wa redio ulioongozwa na Orson Welles na kurushwa na CBS nchini Marekani usiku wa tarehe 30 Oktoba 1938. Mchezo huo, uliotokana na riwaya ya H. G. Wells kuhusu uvamizi wa viumbe kutoka sayari ya Mirihi, uliiga taarifa za dharura zinazokatiza muziki. Inasimuliwa kwamba taifa zima lilitaharuki. Uhakiki huu unashikilia kuwa kisa hicho hakiithibitishi nadharia ya sindano. Kinathibitisha jambo jingine, na hilo ndilo linalopaswa kumtia mtafiti wasiwasi.

Tuanze na ushahidi. Chanzo kikuu ni utafiti wa Hadley Cantril uliochapishwa mwaka 1940, ambao ulikadiria kuwa watu wasiopungua milioni 6 walisikiliza na wasiopungua milioni 1 kati yao waliogopa au kufadhaika. Ukubali makadirio hayo au usiyakubali, bado wengi wa waliosikiliza hawakuogopa. Aidha, mahojiano ya kina yalihusisha watu 135 wa New Jersey, na zaidi ya 100 kati yao waliteuliwa kwa sababu ilikwishajulikana kuwa walifadhaika. Sampuli ya aina hiyo inaweza kueleza hofu ilivyokuwa. Haiwezi kueleza ilienea kiasi gani. Usiku huohuo kampuni ya C. E. Hooper ilikuwa ikipiga simu majumbani kupima usikilizaji, na ni takriban asilimia 2 tu ya waliohojiwa waliosema kuwa wanasikiliza kipindi hicho. Wengi walikuwa NBC, wakimsikiliza mchekeshaji Edgar Bergen.

La kushangaza ni kwamba Cantril mwenyewe, ambaye kazi yake hutajwa kana kwamba ni nguzo ya nadharia ya sindano, aliandika kinyume chake. Alionyesha kuwa wapo waliotambua mchezo kwa mantiki ya masimulizi yenyewe, wapo waliofungua stesheni nyingine au kutazama ratiba gazetini, na wapo waliojaribu kuhakiki wakashindwa. Elimu, imani za kidini na wakati mtu alipofungua redio vilileta tofauti. Tena, mwezi mmoja tu kabla ya hapo, wakati wa mgogoro wa Munich, redio ilikuwa imewazoesha Wamarekani kukatiziwa vipindi kwa habari za vita. Baadhi ya waliohojiwa walidhani kuwa ni Wajerumani wanaoshambulia. Watu hao walikuwa wakiifasiri sauti kwa uzoefu waliokuwa nao. Walikosea, lakini aliyechomwa sindano hapewi hata nafasi ya kukosea.

Habari ya taharuki ya taifa zima ilitoka wapi, basi? Ilitoka magazetini. Jefferson Pooley na Michael Socolow wamedai kuwa magazeti, yaliyokuwa yakipoteza mapato ya matangazo kwa redio, yalikuza visa vichache vilivyotawanyika ili kuonyesha kuwa mshindani wao hafai kuaminiwa. Hoja ya nia ya wahariri ni ngumu kuithibitisha moja kwa moja, ila hoja ya matokeo iko wazi. Masimulizi ya magazeti yalirudiwa vitabuni, kisha madarasani, hadi yakawa elimu. Hapa ndipo athari ya vyombo vya habari inapoonekana: haikuja kwa pigo la usiku mmoja, ilijengeka kwa kurudiwa, na walioipokea ni pamoja na wanazuoni wa mawasiliano. Walter Lippmann alikwishaandika mwaka 1922 kwamba watu hutenda kwa kufuata picha za ulimwengu zilizomo vichwani mwao. Hakuwatenga maprofesa.

Mtetezi wa nadharia anaweza kutaja Quito, Ecuador, ambako mchezo kama huo ulirushwa Februari 1949, jengo la redio na gazeti likachomwa moto na watu kadhaa wakafa. Hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo, umati ulilishambulia jengo baada ya kutangaziwa kuwa ni mchezo tu. Ilikuwa hasira ya waliobaini kuwa wamechezewa, na hasira hiyo haimo katika nadharia ya sindano.

Istilahi zetu nazo zina sehemu yake. Katika modeli ya Claude Shannon ya mwaka 1948, kinachopokea mawimbi ni chombo, na mtu anayekusudiwa ujumbe ametajwa peke yake, mwishoni. Kwa Kiswahili chombo hicho ni kipokezi. Tunapomwita msikilizaji mpokeaji na kumweka mahali pa kipokezi, tunabadili ngeli na kuacha kazi ileile: kumezea kilichotumwa. Fasihi simulizi ina neno linalofaa zaidi, nalo ni hadhira. Fanani akisema “Paukwa!” husubiri “Pakawa!”, pasipo jibu, hadithi haianzi. Kwa mtafiti anayeandaa hojaji, tofauti hiyo si ya maneno matupu. Anayemchukulia mtu kuwa mpokeaji atamuuliza alisikia nini na kiliathiri vipi. Anayemchukulia kuwa hadhira atamuuliza pia alikuwa na nani, alimuuliza nani, na alifungua stesheni gani nyingine kabla ya kuamini.