Kunyoosha, Kunyumbua na Kuzoeza: Istilahi za Tiba Baada ya Upasuaji wa Mgongo

Istilahi nyingi hujadiliwa na wataalamu peke yao, na zikikosewa hasara huishia kitabuni. Istilahi za tiba ya mazoezi sivyo zilivyo. Hizi hugeuka maagizo: mgonjwa aliyepasuliwa mgongo huambiwa afanye jambo fulani nyumbani kwake, pasipo mtu wa kumsimamia, naye hutenda kadiri alivyolielewa neno. Hatuna budi basi kuyapima maneno yatumikayo katika uwanja huu.

La kwanza ni kunyoosha. Neno hili limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Twanyoosha waya uliopinda, twanyoosha mkono, twanyoosha nguo kwa pasi. Na katika mazungumzo ya kila siku, anayekwenda "kunyoosha mgongo" huenda kujilaza apumzike. Mgonjwa akiagizwa kunyoosha mgongo mara tatu kwa siku, afanye lipi? Asimame wima? Ajilaze? Au auvute msuli taratibu, aushikilie kwa muda, kisha aulegeze? Mtaalamu hukusudia hili la mwisho, ambalo ndilo lililo mbali zaidi na mazoea ya msemaji. Tena, mara nyingi msuli wenyewe si wa mgongo, bali ni wa nyonga au wa nyuma ya paja.

Wako wanaopendelea kuvuta. Hatuafikiani nao, kwani neno hilo hudokeza nguvu, na msuli uliovutika ni msuli ulioumia. Sisi twapendekeza kunyumbua. Kitu kinyumbukacho hupindika na kuvutika bila ya kukatika, kama ufito mbichi. Huenda wanaisimu wakalalamika kwamba mnyumbuliko ni wao. Hofu hiyo haina msingi: hakuna mgonjwa atakayedhani kwamba ameagizwa kunyumbua vitenzi.

La pili ni kuimarisha misuli, ambalo hutumiwa kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali. Baada ya maradhi ya diski za kiunoni na upasuaji wake, misuli midogo iliyoshikamana na pingili huweza kudhoofu, tena ikachelewa kukaza mtu anapoinama au kuinua kitu. Mwanzoni kinachotafutwa si nguvu, bali ni kuirudishia misuli hiyo utaratibu wake wa kazi: ikaze kidogo, kwa wakati wake, huku mtu akipumua kama kawaida. Ukimwambia mgonjwa "imarisha", atafikiri juu ya kubeba vitu vizito, na hapo neno litakuwa limemdhuru.

Wengine husema "kufundisha misuli upya". Hiyo ni tafsiri sisisi, wala haihitajiki. Kiswahili kina kuzoeza, na mazoezi yenyewe yametokana na kuzoea, ingawa aghalabu twasahau. Kuzoeza misuli upya ni kuirejeza katika mazoea yaliyopotea. Kuimarisha na kubaki kwa hatua ifuatayo, mtaalamu atakapoongeza uzito.

Kuhusu mshipa tutasema machache. Neno hili hutajwa kwa njia ya damu, kwa njia ya hisia, na hata kwa ngiri. Mwenye maumivu yashukayo mguuni kwa sababu ya neva iliyobanwa akielezwa habari za "mshipa", aweza kuuvuta mguu kwa nguvu akidhani analegeza msuli. Neva limekwisha kuzoeleka, litumike.

Twaomba istilahi hizi zisisanifiwe mezani tu. Mgonjwa asomewe agizo, kisha atakiwe kuonyesha kwa mwili wake alichoelewa, mbele ya mtaalamu. Akijilaza pale alipopaswa kunyumbua, kosa si lake, ni la neno. Wauguzi na wataalamu wa tiba ya viungo wanakaribishwa kutuletea maneno wayasikiayo kwa wagonjwa wao, kwani huenda lililo bora kuliko haya limo vinywani mwa watu.