Sifa Isiyo na Mwenyewe: Uhakiki wa Usimulizi wa Majarida kuhusu Watu, Wanyama na Mandhari ya Asia

Ikisiri

Majarida yanayosifu tamaduni, wanyamapori na mandhari ya Asia huhakikiwa zaidi kwa uzuri wa picha na usahihi wa taarifa. Makala hii inapendekeza kigezo cha tatu: je, anayesimuliwa amehesabiwa miongoni mwa wasomaji? Kigezo hicho kinajaribiwa kwa picha za Lhasa za mwaka 1905, picha ya jalada ya mwaka 1985 na masimulizi ya misitu ya Sundarbans. Mifano hiyo inalinganishwa na habari za safari ya Selim bin Abakari zilizochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1901. Hoja kuu ni kwamba sifa hupungukiwa na ukweli pale msifiwa anapokosa jina, kauli na nafasi ya kujibu.

Utangulizi

Katika fasihi ya Kiswahili, kusifu ni tendo la pande tatu: msifu, msifiwa na hadhira. Malenga anayemsifu bwana harusi humsifu akiwa ameketi mbele yake, na wanaosikiliza wanamfahamu tangu utotoni. Sifa ikizidi mno, hadhira huguna. Ikipungua, wenye shughuli hununa. Kuwapo kwa mwenyewe ndiko kunakoipa sifa mipaka yake.

Jarida la picha huubadili mpango huo. Msifu ametoka mbali, hadhira iko mbali zaidi, na msifiwa huenda asiuone kamwe ukurasa uliobeba sura yake. Hakuna wa kuguna wala wa kununa. Hali hiyo haimaanishi kwamba kila kinachoandikwa ni uongo. Inamaanisha kwamba kosa likitokea, hakuna aliye karibu wa kulisahihisha.

Lhasa, 1905: Macho ya Nani?

Jarida la National Geographic lilianza mwaka 1888 likiwa chapisho la kitaalamu lenye picha chache. Toleo la Januari 1905 lilikuwa na kurasa 11 za picha za Lhasa, mji wa Tibet ambao wageni kutoka Ulaya na Marekani walikuwa wakizuiwa kuuingia. Toleo hilo hutajwa mara kwa mara kuwa hatua kubwa ya kuligeuza jarida hilo kuwa la picha. Hadithi hiyo husimuliwa kwa kumtaja mhariri, Gilbert Grosvenor, na ujasiri wake wa kujaza kurasa nyingi kwa picha.

Husahaulika kwamba picha zenyewe zilipigwa na Waasia. Gombozhab Tsybikov alikuwa Mburyati kutoka Siberia, na Ovshe Norzunov alikuwa Mkalmyki. Wote walikuwa Wabudha. Tsybikov aliishi Lhasa miaka ya 1900 na 1901 akiwa miongoni mwa mahujaji. Picha zao zililifikia jarida kupitia Jumuiya ya Kijiografia ya Urusi. Tsybikov alikuwa msomi aliyetumwa na taasisi ya kifalme, na wakati huohuo alikuwa muumini aliyekuja mahali patakatifu pa dini yake. Lakini msomaji wa Washington aliziona picha hizo kama ufunuo wa mji uliofichika. Uficho huo ulikuwa wa msomaji. Kwa hujaji wa Kiburyati, Lhasa ilikuwa mji unaojulikana kwa jina, kwa njia na kwa ibada.

Kwa hiyo, mfano huu hauungi mkono dai jepesi kwamba Asia itasimuliwa vyema mradi tu anayeshika kamera awe Mwasia. Macho yalikuwa ya Kiasia, ila mahali pa kusimama palichaguliwa kwa ajili ya hadhira nyingine.

Jalada la 1985: Hofu au Hasira?

Mfano wa pili unafahamika duniani kote. Juni 1985 jarida hilohilo lilitoa jaladani picha ya msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani, aliyepigwa picha na Steve McCurry katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, Pakistani. Jina lake halikuandikwa kwa sababu halikuwa limeulizwa. Maneno ya jaladani yaliyasoma macho yake kwa niaba yake: yaliyahusisha na hofu ya mkimbizi.

Miaka 17 baadaye, mwaka 2002, mpiga picha alirudi na timu yake, na msichana yule akatambuliwa kuwa Sharbat Gula. Hakuwa ameiona picha hiyo hata mara moja. Alipoulizwa, alikumbuka kwamba siku ile alikuwa na hasira, kwa kuwa aliyempiga picha alikuwa mtu asiyemjua.

Kwa mhakiki wa lugha, tofauti kati ya hofu na hasira ni tofauti ya uamilifu katika usimulizi. Mwenye hofu hutendwa. Anamngoja mtazamaji amhurumie. Mwenye hasira hutenda, anamhukumu mtazamaji. Jarida lilichagua fasiri iliyompa msomaji wake nafasi ya mwenye huruma, na fasiri hiyo ilidumu miaka 17 kwa kuwa pekee aliyeweza kuikanusha hakuwa miongoni mwa wasomaji. Uzuri wa picha haukupungua kwa kosa hilo. Lakini sifa iliyomzunguka msichana huyo ilimhusu mtu mwingine aliyebuniwa.

Aprili 2018 jarida lilichapisha toleo maalumu kuhusu mbari, na mhariri wake, Susan Goldberg, akakiri kwamba kwa miongo mingi habari zake zilikuwa za kibaguzi. Alimtegemea mwanahistoria John Edwin Mason, aliyeombwa kupitia hifadhi za jarida. Kukiri huko kunastahili heshima. Hata hivyo, nako kulielekezwa kwanza kwa wasomaji walewale. Pengine hatua ya mwaka 1995 ilikuwa na uzito wa kimya zaidi: toleo la Kijapani, la kwanza katika lugha isiyo Kiingereza. Kwa toleo hilo, msomaji wa Asia aliweza kuisoma Asia katika lugha yake, na kuguna inapobidi.

Sundarbans: Mandhari Isiyo na Watu

Kigezo hiki kinahusu hata habari za wanyama. Sundarbans ni msitu wa mikoko wa takriban kilomita za mraba 10,000, uliogawanywa kati ya India na Bangladesh. Katika masimulizi ya majarida, shujaa wake ni chui milia, na binadamu akionekana huwa ni mrina asali aliyevaa kinyago kisogoni ili kumhadaa mnyama asimvamie kwa nyuma. Ni picha yenye mvuto, nayo ni ya kweli. Mbinu hiyo ilitumika katika miaka ya 1980.

Wenyeji wana masimulizi yao. Kabla ya kuingia msituni, Wahindu na Waislamu humwomba Bonbibi, bibi mlinzi wa msitu, awakinge na Dokkhin Rai, anayejitokeza kwa umbo la chui. Kiini cha kisa hicho ni mapatano: anayeingia achukue kiasi cha haja yake tu, asiwe na tamaa. Hapa mtu, mnyama na mti wamo ndani ya mkataba mmoja. Masimulizi yanayomwacha chui peke yake katika ukungu wa alfajiri huufuta mkataba huo.

Ufutaji huo una gharama. India ilianzisha mradi wa kitaifa wa kuwahifadhi chui milia mwaka 1973, na Sundarbans ikawa mojawapo ya hifadhi za kwanza. Mwaka 1979 wakimbizi waliokuwa wamejenga makazi katika kisiwa cha Marichjhapi waliondolewa kwa nguvu na serikali ya jimbo la West Bengal, kwa hoja kwamba eneo hilo lilikuwa la hifadhi. Watu walipoteza maisha. Tukio hilo liliwafikia wasomaji wengi wa kimataifa kupitia riwaya ya Amitav Ghosh, The Hungry Tide, ya mwaka 2004. Msomaji wa Rufiji au Lamu hahitaji maelezo marefu hapa. Anajua kwamba mikoko ina wavuvi, wakataji wa boriti na wenye mitumbwi, na kwamba picha isiyo na hata mmoja wao imepigwa kwa kungoja waondoke.

Selim bin Abakari: Mtazamaji Anayetazamwa

Kiswahili kina ushahidi wake katika mjadala huu. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mjini Göttingen mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli. Miongoni mwake mna habari za Selim bin Abakari, mtu wa Komoro, aliyesafiri mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia akiwa katika utumishi wa Mjerumani, Bumiller. Tsybikov aliwasili Lhasa miaka minne tu baada ya safari hiyo.

Selim hakuwa huru kabisa: alikuwa mtumishi, na maandishi yake yalichapishwa na Mzungu. Hata hivyo, nafasi hiyo ilimnyima anasa ya kutoonekana. Popote alipofika, naye alikuwa kioja. Hupima mambo ya ugenini kwa vipimo vya kwao, na kwa kufanya hivyo humwonyesha msomaji kipimo chenyewe. Mwandishi wa jarida huficha kipimo chake, kisha huliita jambo la ajabu kana kwamba ajabu imo ndani ya jambo.

Hitimisho

Suala hili linaugusa Uswahilini wa leo. Makala nyingi kuhusu Asia huwafikia wasomaji wa Kiswahili kwa njia ya tafsiri kutoka Kiingereza. Mfasiri hurithi maneno, na pamoja nayo hurithi mahali pa kusimama: “mji uliofichika” hubaki umefichika, na “macho ya hofu” hubaki na hofu. Inapendekezwa kwamba kozi za tafsiri na uandishi wa habari zimzoeze mwanafunzi kuuliza maswali matatu kabla ya kupitisha sifa yoyote: aliyemo katika picha anaitwa nani, kauli yake ilitolewa kwa lugha gani na kufasiriwa na nani, na je, angeisoma habari hii, angeitambua kuwa yake? Maswali hayo hayapunguzi uzuri wa Asia. Yanamrudisha mwenye shughuli kwenye kiti chake, mbele ya malenga, ili sifa isikike na yeye akiwapo.