Mtepe Mezani: Jahazi la Kichawi Lisilo na Msumari

Bonga hatuna bahari. Tuna barabara iendayo Kondoa, mahindi, alizeti na mbaazi, na chombo cha majini kilicho jirani ni mtumbwi wa mvuvi katika Ziwa Babati, anayevua huku jicho moja likiwachunga viboko. Lakini waliosema maji ya kifuu ni bahari ya chungu walijua kuwa bahari hutegemea anayesafiri. Ya kwetu ni meza ya mbao, na jioni za Jumamosi tunaivuka kwa dadu.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mmoja huwa msimulizi, wengine kila mmoja huchukua mhusika wake, shujaa, mwizi au mganga, na jambo lenye mashaka huamuliwa kwa dadu. Mchezo ulioanzisha ukoo huu, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji wangu waliomba jahazi la kichawi. Safu hii inaeleza nililiundaje, na kwa nini la kwanza lilikufa na la pili likaishi.

La kwanza nililiazima. Katika Dungeons & Dragons kuna mashua ya kukunja: kisanduku cha inchi 12 ambacho, ukitamka neno lake, hufunguka kuwa mashua ya futi 10. Neno la pili hukifanya meli ya futi 24, na la tatu hukirudisha kuwa kisanduku. Hadithi za kale za watu wa Skandinavia nazo zina Skidbladnir, meli ya mungu Freyr, inayokunjwa kama kitambaa na kupata upepo mwema kila inapotweka tanga. Nikachanganya vyote viwili. Safari iliyopaswa kuchukua jioni tatu ikaisha kwa dakika kumi. Wachezaji walitamka neno, wakapanda, wakafika. Hapakuwa na la kuamua, kwa hiyo hapakuwa na la kusimulia.

Hapo nikaukumbuka mtepe.

Mtepe ulikuwa chombo cha pwani yetu, na mafundi wake waliovuma zaidi walikuwa Wabajuni wa visiwa vya Lamu. Haukupigiliwa msumari. Mbao zilipangwa ukingo kwa ukingo, zikashikizwa kwa vijiti vya mti vilivyozama ndani yake, kisha zikatobolewa matundu na kushonwa kwa kamba ya usumba wa nazi, na matundu yakazibwa. Gamba lilitangulia, mataruma yaliingizwa baadaye na kufungwa kwa kamba vilevile. Mlingoti ulikuwa mmoja, na tanga lake la mraba lilisukwa kwa majani kama jamvi. Omo ilichongwa mithili ya kichwa na shingo ya ngamia, na simulizi za Lamu zinasema ni kumbukumbu ya ngamia wa Mtume. Chombo kilichorwa macho, kikavishwa hirizi.

Ushonaji huu ni wa kale mno. Kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya 1, Periplus, kinautaja mji wa Rhapta, unaodhaniwa ulikuwa mahali fulani katika pwani ya Tanzania, na kinasema uliitwa hivyo kwa sababu ya vyombo vyake vya kushonwa. Vasco da Gama alipofika Msumbiji mwaka 1498, watu wake waliandika habari za vyombo visivyo na misumari na matanga ya majani. Mitepe ya mwisho ilibeba boriti kutoka Lamu, na ufundi ukafifia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2003 mtepe wa kuigwa, uliopewa jina Shungwaya, ulijengwa Zanzibar katika jumba la Beit al-Ajaib ili watu waone ulivyokuwa.

Kabla ya kuandika kanuni hata moja nilitaka kujua mshono unafanyaje kazi. Nilichukua mabaki ya mbao za mkaratusi kwa seremala, nikatengeneza visanduku viwili vyenye ukubwa wa tofali. Kimoja nilikipigilia misumari. Kingine nilikitoboa kwa keekee na kukishona kwa kamba ya katani, maana usumba haupatikani huku. Nikaviweka katika beseni. Cha kushonwa kilianza kujaa maji kabla chai haijapoa. Nikakikausha, nikasokota pamba katika kila tundu na kila ufa, kikavuja polepole. Kisha nikaviangusha vyote viwili sakafuni. Cha misumari kilipasuka pembeni, pale pale msumari ulipoingia. Cha kushonwa kilipinda, kikalia kidogo, kikarudi kama kilivyokuwa.

Beseni lile ndilo lililoniandikia mchezo. Chombo kilichoshonwa hukubali kugongwa na mwamba au kukokotwa ufukweni kwa sababu viungo vyake vinacheza. Lakini viungo vinavyocheza huingiza maji, kwa hiyo mabaharia hawaachi kufua maji, na kamba ikichoka lazima chombo kishonwe upya. Nguvu na udhaifu vinatoka katika tundu moja. Mchezo mzuri unahitaji kitu cha namna hiyo hasa.

Kanuni ya kwanza ikawa hii: mtepe una mishono 40. Ninaihesabu kwa punje 40 za mbaazi ndani ya kifuu, mbele ya wachezaji wote. Kila siku ya bahari dadu hurushwa, ikitoka moja au mbili, punje moja inatolewa. Chombo kikigonga mwamba hakivunjiki kamwe, lakini punje tano zinakwenda. Mchezaji mmoja lazima awe kwenye ngama akifua maji, na anayefua hapigani wala hashiki usukani. Zikibaki punje kumi, watafute ufuko, wavute chombo juu, washone. Kamba wanaipata kwa kina mama waliofukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani miezi mingi, wakayaponda na kusokota. Kwa hiyo kila kijiji cha pwani kwenye ramani yangu ni bandari yenye maana, na ugomvi na wenyeji una gharama.

Kanuni ya pili ni ya pepo. Upepo wa Skidbladnir niliutupa, nikachora kalenda: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba, katikati malelezi. Tanga la mraba hupenda upepo wa nyuma. Kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, ni kazi ngumu. Aliyechelewa kuondoka na kaskazi anakaa bandarini akisubiri, na kukaa huko kumetuzalia harusi moja, kesi mbili na deni ambalo halijalipwa.

Uchawi wenyewe uko katika kanuni ya tatu. Kuna hekaya ya kale inayosema vyombo vya bahari hii vilishonwa kwa kuhofia mlima wa sumaku ungeng'oa misumari. Kihistoria haina mashiko. Mwanahistoria Procopius aliikanusha katika karne ya 6, akisema meli za Kirumi zenye chuma kingi zilipita Bahari ya Shamu salama. Wala pwani haikukosa chuma: mwanajiografia al-Idrisi, katika karne ya 12, anakitaja chuma cha Malindi na Sofala kama bidhaa. Watu walishona kwa kuwa kamba ilipatikana nyumbani, na chombo cha kamba hutengenezwa popote penye minazi.

Mezani, hata hivyo, hekaya ni mali. Mlima wa sumaku niliuweka kwenye ramani, na mtepe ukawa chombo pekee kiwezacho kuupita, kwa sharti moja: kusiwe na chuma ndani. Upanga, ngao, hata sindano vibaki nchi kavu. Wachezaji walibishana saa nzima. Mmoja akaficha kisu ndani ya mkate wake na kunieleza kwa karatasi aliyoikunja. Tulipofika chini ya mlima nilimwambia arushe dadu. Ikatoka nne, kisu kikatoka kwenye mkate, kikapasua mishono 12 kikielekea jabali. Waliobaki walifua maji kwa mikono na kofia, huku wakimtazama mwenzao bila neno. Hakuna joka nililowahi kuweka mezani lililozaa ukimya wa namna ile.

Hukumu yangu, basi, kwa wanaotunga michezo hii kwa Kiswahili. Mashua ya kukunja ina uchawi mwingi na haimdai mchezaji chochote, ndiyo maana ilitufia mikononi. Mtepe una uchawi kidogo, na kila tone lake linalipiwa kwa kamba, jasho na subira. Ulitupa miezi minne ya mchezo. Kama unaunda chombo chako, usianze na kile kinachoweza kufanya. Andika kwanza kinapovuja, nani atafua, na kamba itatoka wapi. Mbaazi 40 na kifuu vinatosha kuanzia.